Asibebwe, ateleze: kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo

Nyumba nyingi, mtu aliyepooza miguu huhamishwa na watu wawili: mmoja amemshika kwapani, mwingine magotini, moja, mbili, tatu, juu! Tafadhali acheni njia hii. Mabega ya mtu huyu ndiyo miguu yake. Kwa mabega husukuma magurudumu, kwa mabega hujiinua, na kila anapovutwa kwapani bega linazidi kuumia. Mbebaji naye huishia kuugua mgongo. Ubao wa kuhamia, yaani ubao unaowekwa kama daraja kati ya kitanda na kiti, hupunguza yote hayo, maana mwili hauinuliwi, unateleza juu yake.

Seremala yeyote wa mtaani anaweza kuutengeneza. Plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 70, upana 20 hadi 25. Ncha zote mbili zipigwe randa mpaka ziwe nyembamba kama ulimi, ziingie chini ya paja bila kukwangua ngozi. Pembe ziviringwe, msasa mkali kisha mlaini, vanishi mara tatu. Msumari usionekane popote. Kisha uweke uwe daraja kati ya viti viwili, akae juu yake mtu mzito kuliko mgonjwa. Ubao ukilia au ukipinda sana, haufai.

Kiti nacho kiwe na mkono unaoondoka. Mkono usiotoka huziba njia ya ubao, kwa hiyo ulizeni hilo mapema, hata kama kiti ni cha msaada.

Breki ndizo zinazoangusha watu. Katika viti vingi breki hubana tairi, basi tairi ikipungua upepo breki hufungika vizuri kabisa na isishike kitu. Bonyeza tairi kwa kidole gumba kila asubuhi. Weka kiti ubavuni mwa kitanda, kigeuze kielekee kitanda kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30, kirudishe nyuma kidogo ili magurudumu madogo yageukie mbele (yakibaki yameelekea nyuma, kiti hupinduka kirahisi mtu akiinama), ndipo ufunge breki. Kisukume kwa nguvu. Kikisogea, usianze.

Kitanda kiwe sawa na kiti au juu kidogo, kwa sababu kuupanda ubao ni kazi ngumu mno. Godoro la sponji hudanganya: pima urefu mtu akiwa ameshakaa ukingoni, kwani hapo ndipo linapobonyea zaidi.

Aliyelala muda mrefu akae kwanza ukingoni dakika chache. Presha hushuka, akiona kizunguzungu, mlaze tena. Mfuko wa mkojo uhamishwe kabla yake, usije ukavuta mpira wa mkojo. Nyayo zikanyage sakafu, amevaa viatu. Ainamie upande ulio mbali na kiti, ingiza ncha ya ubao chini ya kalio, ncha ya pili ikae katikati ya kiti, mbele ya gurudumu kubwa. Vidole vyake visikunjwe chini ya ubao, vitabanwa.

Msaidizi asimame mbele, magoti yake yakizuia magoti ya mgonjwa, mikono ikiwa kwenye mkanda mpana wa kiunoni. Si kwenye suruali, maana suruali ikivutwa humkata mapajani. Kisha siri yenyewe: kichwa kiende mbele na upande usio wa kiti. Kichwa kikienda kushoto, makalio huenda kulia. Sogea kidogo kidogo, mara nne au tano, si kwa mkupuo mmoja. Ngozi tupu hunata kwenye vanishi na kuchubuka. Mgonjwa avae suruali au valisha ubao foronya.

Kwa mwenye kiharusi, kiti kiwe upande wake wenye nguvu, na mkono uliolegea usivutwe kamwe. Asiyeweza kukaa bila kushikiliwa anahitaji wasaidizi wawili, mmoja akiwa nyuma yake.

Akishafika, toa ubao, rudisha mkono wa kiti, weka miguu kwenye vikanyagio, nyoosha mikunjo ya nguo chini yake. Jioni tazama makalio na nyonga kwa mwanga mzuri. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ngumu kwa kugusa. Ukiipata, asikalie upande huo mpaka itulie, na isipotulia mpeleke kwa daktari kabla haijawa kidonda.