Mtoto alishika goti, kumbe ni nyonga

Mwanangu ana miaka 4. Asubuhi moja kashuka kitandani anachechemea, namuuliza unaumwa wapi, akashika goti la kulia. Nikalikagua lile goti weee, halijavimba, halina joto, nabonyeza halii, nikajua labda alianguka jana akicheza. Mchana ikazidi, hataki kukanyaga kabisa anataka kubebwa tu, na akilala ule mguu kaukunja kidogo halafu umeangukia nje, hauko kama mwenzake. Moyo ukaanza kunienda mbio. Nikapima homa, 37.4, tukaenda hospitali.

Daktari hata hakuanza na goti. Alimlaza chali, akaunyoosha mguu akauviringisha taratibu ndani nje kama unavyoviringisha chupa mezani. Ule mzima hakuna neno, huu wa kulia alipouzungusha kwa ndani mtoto akapiga kelele. Akasema mama, shida iko kwenye nyonga, watoto wengi nyonga ikiuma wanaonyesha goti au paja. Jamani sikuwahi kujua hilo!

Akauliza kama aliugua mafua karibuni, kweli, wiki iliyopita. Alichohofia zaidi ni usaha kwenye kiungo, maana ule unaharibu gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) haraka na hausubiri kesho, ndo maana alikazania sana habari ya homa (ikipita 38.5 wanashtuka) na wakachukua damu kuangalia chembe nyeupe kama zimevuka 12,000 na kipimo cha ESR (kinaonyesha kama mwilini kuna uvimbe au maambukizi) kama kimevuka 40. Vyote vilikuwa chini. Eksirei safi, ultrasaundi ikaonyesha maji kidogo kwenye kiungo. Kwa hiyo ni uvimbe wa nyonga wa muda tu, mara nyingi unafuata baada ya mafua.

Tukapewa ibuprofeni ya maji kwa uzito wake, apumzike, na homa ikipanda au maumivu yakizidi nirudi hata usiku wa manane. Usiku ule sikulala, kipimajoto mkononi. Siku ya 3 akakanyaga, ya 8 anakimbia.

Nilimrudisha hata hivyo, sababu kuna ugonjwa wa Perthes, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, unawapata sana wa umri wake na mwanzoni eksirei inaweza isionyeshe kitu. Daktari akauviringisha mguu tena vilevile, safari hii mtoto anacheka anasema anatekenywa.