Hiyo "Picha Yangu" ni ya Nani?

Kwa miaka 11 nimeishi kwa harusi, mahafali na picha za pasipoti, na bei haijawahi kunikosesha usingizi, kwa kuwa mteja huja akijua anachotaka na huondoka na sura yake. Taabu ilianza nilipoamua kuuza picha ambazo hakuna aliyenituma kuzipiga.

Zilikuwa picha za mafundi wa majahazi wa Nungwi, nilizokuwa nikizipiga Jumatatu, siku nisiyokuwa na kazi ya mtu. Jumba moja la sanaa la Mji Mkongwe lilikubali kuziuza kwa masharti kwamba kila picha isafishwe nakala 10 tu, kila nakala iandikwe namba na kutiwa saini kwa penseli, na jumba lichukue asilimia 40 ya bei. (Bado nasema "kusafisha" kwa maana ya kuchapa picha, ingawa ni miaka mingi sijagusa dawa wala beseni.) Bei tuliipanga shilingi 600,000. Ukiondoa 240,000 za jumba, 110,000 za fremu na kioo, na 85,000 za wino na karatasi ya pamba, zinabaki 165,000, ambazo harusi moja ya kawaida huzipita. Ningeweza kutumia karatasi rahisi, lakini karatasi ya pamba isiyo na asidi huchelewa kugeuka manjano, na kwa unyevu wa pwani yetu, ambapo kuvu huingia upesi katika fremu iliyofungwa ovyo, sikuona haki kumuuzia mtu picha yake ikiwa na maradhi tayari.

Nimesema "picha yake", na neno hilo ndilo lililonisumbua kuliko hesabu. Kwa Kiswahili, picha yangu ni niliyopigwa, ni niliyoipiga, na ni niliyoinunua, na studioni maana ya kwanza ndiyo inayotawala. Katika biashara ya sanaa hakimiliki hubaki kwangu, mnunuzi huondoka na karatasi na cheti chake, na aliyemo ndani ya picha hatajwi popote. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na wateja wake walichukua nakala ndogo za kuweka nyumbani. Katika miaka ya 1990 negativu zake, yaani filamu za picha zilezile, zilisafishwa kwa ukubwa wa kujaza ukuta na kuuzwa kama sanaa kwa watu ambao hawakumjua hata mmoja wa waliosimama mbele ya kamera ile.

Ya kwanza kununuliwa ilikuwa mikono ya fundi mmoja mzee akikalafati, vidole vikisukuma pamba yenye mafuta katikati ya mbao mbili. Mkataba uliniruhusu nakala moja ya mpigaji nje ya zile 10, nami nikampelekea, pamoja na nusu ya nilichobaki nacho. Fedha alizitia mfukoni bila kuzihesabu. Picha aliikagua kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hii mikono tu. Mimi niko wapi?"

Nilianza kumweleza habari za mwanga na kivuli, kisha nikajisikia ninavyosema, nikanyamaza. Akaingia ndani, akarudi amevaa kanzu na kofia ya viua, akasimama kando ya jahazi, mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye lenzi kama mtu wa pasipoti. Nilitamani kumwambia ashike nyundo, lakini sikumwambia.

Hiyo ndiyo aliyoitundika. Ile mikono sijaiona tena ukutani kwake. Mwenye jumba alipoiona picha ya kanzu kwenye simu yangu aliipenda kuliko nyingine zote, akaniuliza tutasafisha nakala ngapi. Nikamjibu kwamba imekwisha safishwa moja, na mwenyewe yuko Nungwi.