Ndani ya 18: Kukadiria Umbali wa Kulungu Wisconsin

Katika msimu wangu wa pili wa kuwinda kwa upinde hapa Wisconsin, nilimkosa kulungu dume aliyenipa ubavu mzima, na kosa halikuwa la mkono bali la jicho. (Namwita kulungu kwa kukosa jina lingine, kwani huyu wa huku hudondosha pembe zake kila mwaka, jambo ambalo kulungu wa kwetu halijui.) Alikuwa amesimama ng'ambo ya shamba lililokwisha kuvunwa, nikamkadiria yadi 20, kumbe ni 30. Mshale ulipita chini ya kifua chake ukajichomeka udongoni.

Upinde wangu hurusha mshale kwa kasi ya takriban mita 80 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kosa la yadi 10 namna ile huushusha karibu sentimita 20, ilhali eneo la moyo na mapafu lenyewe halizidi sana upana huo. Uwanda mtupu usio na mti wala kichaka cha kupimia humsogeza mnyama karibu. Msitu wa magharibi, mwanga unapofifia, humsukuma mbali.

Mzee jirani aliyenifundisha alidhani yadi zitanisumbua. Nilimwambia kwamba 18 naijua tangu utotoni, kwa kuwa ndiyo inayotoka mstari wa goli hadi mwisho wa eneo la penalti, na watangazaji wetu wa mpira husema "ndani ya 18" kila dakika. Kulungu akiingia ndani ya 18 sina wasiwasi. Shida huanzia nje yake.

Siku hizi nikishapanda dungu langu mtini, kabla ya kutia mshale kwenye upote, napima kwa kifaa cha leza kila kisiki na jiwe ninaloliona, maana kulungu akishafika, kuinua mkono tu ni kumfukuza. Kimo nacho hudanganya: nikiwa mita 6 juu na mnyama mita 8 kutoka shinani, leza ya kawaida husoma 10, lakini hulengwa kama aliye mita 8.

Mazoezi nayafanyia kwenye maegesho ya kazini, ambako nakisia umbali wa nguzo ya taa kisha naiendea nikihesabu hatua ndefu. Jana nilikisia 35, nikapata 31. Ilikuwa magharibi.