Mimi si Fundi, Ni Mteja

Karakana ya mjomba wangu ilikuwa Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Kuiita karakana ni kuipa heshima. Yalikuwa mabati juu ya nguzo za bomba, meza moja ya chuma, mashine ya kuchomelea iliyovuma kuliko redio ya jirani, na nyuma yake jiwe kubwa, mojawapo ya yale mawe ya Mwanza ambayo watu hujenga ubavuni mwake kwa sababu hakuna wa kuyahamisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na katika ukoo wetu kijana anayesubiri matokeo hakai nyumbani. Nikapelekwa kumshikia mjomba vyuma.

Mageti na madirisha tulitengeneza, lakini waliotulisha hasa ni wenye mitumbwi. Walitaka vyuma vya kufungia mashine nyuma ya chombo, pete za kamba, na zaidi ya vyote nanga. Nanga ya mtumbwi ukiiona ni kitu chepesi: nondo kadhaa zinakunjwa ncha, zinachomelewa kwenye shina moja, juu inawekwa pete ya kupitishia kamba. Wepesi huo ndio unaomfanya kila mteja ajione anaweza kuisimamia.

Nataka niseme mapema kwamba mjomba hakuwa mzembe. Hakuwahi kuwasha grenda, ile mashine ya kukatia chuma kwa jiwe la duara linalozunguka, bila miwani, na mimi niliyeshika ule upande wa pili wa chuma hakuniruhusu nishike kabla sijavaa ya kwangu. Ilikuwa miwani ya plastiki ngumu, inaziba mpaka pembeni, imekwaruzwa na cheche hadi ukiivaa unaona mji wote kama umeingia ukungu wa ziwani asubuhi. Kwa kuchomelea alikuwa na ngao yenye kioo cheusi, na alimgombeza waziwazi fundi mmoja wa jirani aliyekuwa akichomelea kwa miwani ya jua ya kuuzwa barabarani. Alimwambia giza la ile miwani linamdanganya: mboni inatanuka ikidhani imepata kivuli, na ile miale isiyoonekana inaingia. Kwa hiyo ndani ya mabati yetu macho yalilindwa. Macho ya mafundi, maana yangu.

Mzee alitoka kisiwani Ukerewe. Alikuja asubuhi, nyuma yake kijana wa mkokoteni na nondo za milimita 16, mpya kabisa. Baada ya shikamoo na marahaba alizipanga chini moja moja, akazihesabu kwa sauti ili tusikie wote.

"Hizi nimezinunua mwenyewe, fundi. Nanga yangu iliyopita ilitengenezwa mjini humuhumu. Nilipeleka nondo nene, nikarudishiwa nanga ya nondo nyembamba. Leo siondoki hapa."

Mjomba akacheka. "Kaa, mzee wangu. Hata mimi ningekaa."

Mzee akageuza ndoo, akaketi. Lakini ndoo aliiweka mahali ambapo ataona kila kipande kikikatwa, na mahali hapo ndipo cheche zilipokuwa zikielekea, kwenye uwazi wa mbele uliotazama njia. Sisi siku zote tulikata tukiutazama ule uwazi, kwa sababu huko kulikuwa na mwanga.

"Sogea kidogo, mzee wangu, cheche zitakuunguzia shati," mjomba alimwambia.

Mzee akasogea, labda hatua moja. Nimeyafikiria sana maneno hayo baadaye. Kila fundi niliyemfahamu Kirumba alimwonya mteja kwa maneno hayohayo: shati, kanga, suruali mpya. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akimwambia mteja, "Macho yako."

Tulitumia grenda kubwa, ile ya jiwe la milimita 230. Jiwe la namna hiyo huandikwa juu yake mwisho wa mzunguko wake, 6,650 kwa dakika, na kwa mzunguko huo ukingo wake unakwenda mita 80 kwa sekunde. Kwa lugha ya barabarani ni kilomita 288 kwa saa. Chembe inayobanduka pale inaanza safari kwa kasi ya karibu na hiyo, inawaka, ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Kope nazo zinahitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde kushtuka na kufunga, na mtu aliyeketi hatua mbili kutoka kwenye meza hana muda huo. Watu husema, "Si nitafumba macho?" Utafumba, chembe ikiwa tayari imo ndani.

Mzee alipiga ukelele mfupi, akaweka kiganja kwenye jicho la kulia. Mjomba akazima grenda hapohapo. Tukamwinamisha, tukamwagia maji safi ya kunywa kutoka kwenye jagi, mengi, polepole. Baada ya muda akapepesa, akasema nafuu. "Limetoka. Endeleeni, jua linakwenda."

Mtaa wa mafundi haukosi ushauri. Mama lishe wa pale pembeni alisema atafutwe mwenye mtoto mchanga akamulie maziwa ya titi jichoni. Mwingine akataka kiazi mbichi, kikatwe vipande, kifungwe juu ya kope. Kisha akavuka barabara fundi wa pikipiki, mtu aliyesifika kwa kutoa vichuma machoni, mkononi ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu na nusu ya wembe. Alikuja na uhakika wa daktari bingwa. Alitaka mzee alazwe kwenye meza yetu, sisi tumshike kichwa.

Mjomba alisimama katikati. "Wembe wako kanyolee ndevu."

Wakabishana, na mwisho ikashinda ile kauli inayoshinda siku zote: mzee ameangalia moto wa kuchomelea, atawasha usiku, kesho atapona. Kauli hiyo ina mantiki yake, ndiyo maana inapendwa. Mtu akiangalia moto ule bila kinga, anaweza asihisi kitu mpaka saa kadhaa zipite. Usiku macho yanakuwa kama yamejazwa mchanga, yanachuruzika, hayataki taa, na kwa kawaida siku moja au mbili yanatulia. Kila mmoja pale mtaani alikwishapita huko. Basi mzee akaunganishwa kwenye kundi hilo, nanga yake ikamaliziwa, naye akaenda kulala kwa shemeji yake, kulekule Kirumba.

Kesho yake nilitumwa kumpelekea nanga Mwaloni. Nilimkuta karibu na magunia ya dagaa, ameegemea, leso imebana jicho. Alipoitoa nikaona weupe wote umekuwa mwekundu, machozi yanatiririka shavuni, na kope zimevimba. Makorongo yalikuwa yanagombania matumbo ya samaki hatua chache tu, na mzee aliyekuwa anahesabu nondo kwa sauti jana hakuinua hata kichwa.

"Mjukuu wangu, usiku sikulala. Kila nikipepesa linakwaruza."

Nikarudi mbio. Mjomba aliniuliza kitu kimoja tu: "Macho yote au moja?"

"Moja. La kulia."

"Basi si moto. Moto hauchagui jicho." Akavua aproni, akafunga mashine, tukaenda kumchukua mzee, tukapanda daladala mpaka hospitali.

Kwenye kliniki ya macho tulisubiri kwenye mabenchi na watu wa kila aina. Sista alianza na ule ubao wa herufi E zinazotazama huku na huku. Mzee akaonyesha kwa mkono zinakoelekea, jicho la kushoto likaenda vizuri, la kulia likakwama katikati ya ubao. Daktari alikuwa kijana. Kabla ya kugusa chochote aliuliza, "Ilikuwa nyundo au grenda?"

Mjomba akajibu grenda, akauliza tofauti ni nini. Daktari akaeleza huku ananawa mikono: kipande kinachoruka chuma kikigongwa kwa nyundo au patasi kinaweza kutoboa jicho na kuzama ndani, na hapo habari ni nyingine kabisa, inakuwa ya picha na upasuaji. Cha grenda mara nyingi kinanasa juu, kwenye konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni. Mara nyingi, alirudia, si mara zote. Konea yenyewe katikati ina unene wa karibu nusu milimita.

Kisha akamgeukia mzee. "Miwani ulivaa, baba?"

Mzee alishangaa kweli. "Mimi si fundi, daktari. Mimi ni mteja."

Daktari hakusema kitu. Mjomba alitazama chini.

Daktari alimtia mzee matone ya ganzi, na dakika hiyohiyo uso wa mzee ukafunguka kama hana alichokuwa akiumwa. Akageuza kope ya juu nje ndani, akapekua kama kuna kingine kilichojificha. Akagusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa, akazima taa ya chumba, akawasha ya bluu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la mjomba, nikaona mwenyewe: kwenye jicho la mzee pamewaka kijani, alama ndogo, na mikwaruzo myembamba imeshuka juu yake kama mtu aliyepitisha kucha. 

Mzee akaegemeza kidevu na paji kwenye mashine ya darubini, akaambiwa atazame sikio la daktari. Kwa ncha ya sindano daktari akakibandua. Alikiweka kwenye kipande cha pamba akatuonyesha. Mjomba alilazimika kukisogeza karibu na dirisha ili akione. Kitu cheusi, na kuzunguka mahali kilipotoka pamebaki duara la rangi ya kahawia. Kutu. Chuma kilikuwa kimelala jichoni usiku mmoja na tayari kilikuwa kimeshika kutu, kama kinavyoshika kutu chochote kinachoachwa kwenye maji. Sehemu ya duara ikatoka palepale, iliyobaki akasema ilainike kwanza, arudi.

Mzee alipoona maumivu yameisha akaomba apewe ile chupa ya ganzi aende nayo Ukerewe. Akakataliwa. Daktari alisema dawa ile ikitumika nyumbani inazuia kidonda kupona, na mtu asiyehisi jicho lake ataliharibu bila kujua. Akaandikiwa ya kupaka, ya kuzuia wadudu. Kuhusu wembe na njiti ya kiberiti, ambavyo mjomba alivitaja kwa sauti ya chini, daktari alituambia tungevitumia angemwona mzee wiki hiyohiyo, ila na usaha.

Meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, iliondoka bila yeye. Alikaa kwetu mpaka aliporudi kliniki na kutolewa kutu iliyobaki. Kovu dogo likabaki pembeni, nje ya mboni, na daktari alisema halitamsumbua kuona. Lingekuwa katikati, asingesema hivyo.

Suala la nani alipe lilizungumzwa usiku, baada ya ugali, na watu wazima. Nilisikia kupitia pazia. Shemeji wa mzee alikuwa mkali. Mjomba hakubisha: alilipa kliniki na dawa, na nanga akaitoa bure. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, lakini chini ya mabati yetu hakuna aliyeitaja. Yalikuwa mazungumzo ya watu wenye haya.

Kilichobadilika kilianza na meza. Mjomba aliigeuza, ikatazama lile jiwe la nyuma, na tangu hapo cheche zote zikawa zinapiga mwamba. Mwanga ulipungua, tukaongeza taa. Nadhani hiyo ndiyo kinga bora tuliyowahi kuweka, na haikutugharimu ila jasho. Kisha akanunua miwani mingine, akaitundika kwenye msumari karibu na nguzo ya kuingilia: hii ni ya wateja. Wateja wakacheka. "Nimekuja kuchomelewa geti, sikuja kuogelea." Kina dada waliona inaharibu kope. Wengine waliivaa kwenye paji la uso, na mjomba akawa haanzi mpaka ishuke machoni, hata mtu akiwa na haraka ya namna gani. Tulipoteza wateja kadhaa kwa ajili hiyo, sitaficha.

Lakini mjomba alikuwa ameelewa jambo ambalo miwani peke yake isingelitatua. Mzee hakuketi pale kwa kupenda cheche. Aliketi kwa sababu aliibiwa nondo na fundi mwingine, na wateja wetu karibu wote walikuwa na hadithi kama hiyo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo akae mbali, umemwambia akubali kuibiwa. Basi tukaanza kupima. Nondo ikifika inapimwa unene na urefu mbele ya mwenyewe, naandika kwenye daftari, anaweka sahihi au dole gumba, kila nondo inapigwa alama ya rangi, halafu anakwenda kunywa chai kwa mama lishe. Akirudi anapewa kazi yake pamoja na mabaki yote, yamefungwa kwa waya, hata vipande vya urefu wa kidole.

Wakaanza kwenda kunywa chai. Mabaki wengi waliyapima mkononi, wakaridhika kwamba yapo, wakatuachia. Mwisho wa mwezi mjomba aliyauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na fedha ya kwanza akanunulia miwani ya pili ya wateja, kwa kuwa ile ya kwanza mtu alikuwa ameondoka nayo kichwani.