Kombe la bega la Bi Salme

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka skuli na swali. "Bibi, Bi Salme si mtoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar? Kwa nini aandike juu ya mfupa? Babake alikosa pesa za daftari?"

Nilikuwa napeta mchele. Nikaweka ungo chini, maana harufu ya magadi na shahamu ya ng'ombe ilinijia puani kama sufuria iko mekoni hivi sasa.

Ilikuwa Shaabani, mwaka 1994, ukumbi wa nyuma kwa Maalim. Tulikuwa wasichana watano. Maalim alichoka kutusikia tukisema Sayyida Salme "alijifunza kuandika mwenyewe", kama mtu asemaye alijifunza kulala. Wasichana wa jumba la Mtoni, alikozaliwa tarehe 30 Agosti 1844, walifundishwa kusoma msahafu, basi. Kuandika kulikuwa kwa watoto wa kiume. Yeye akaweka msahafu mbele yake, akashika kombe la bega la ngamia, ambalo ndilo lililokuwa ubao wa kuandikia Unguja zama zile, akaigiza herufi kwa siri. Maalim akasema nasi tufanye vivyo hivyo, tuone.

Ngamia hatukuwa naye, tukatumia kombe la ng'ombe. Upande mmoja lina ukingo uliosimama kama mkuku wa jahazi. Wa kuandikia ni ule wa pili, ulio bapa. Tulilichemsha saa tatu kwa moto mdogo, maji lita tano na vijiko viwili vya magadi, tukiengua mafuta kila yalipopanda. Usilichemshe kupita hapo, uso hugeuka kama chokaa na kuanza kunyonya wino. Kisha jua siku nne, halafu kulisugua kwa majani ya msasa yaliyoloweshwa mpaka kidole kiteleze.

Wino ulitutoa jasho zaidi. Masizi tuliyakinga kwa kigae juu ya koroboi. Kijiko kimoja cha masizi, nusu kijiko cha gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha, maji vijiko vitatu. Maji huja mwisho, tone kwa tone, kwa kuwa masizi yana mafuta na ukiyatia kwenye maji yataelea tu; sharti kwanza yasagwe na gundi mpaka yawe uji mzito. Gundi ikizidi, wino hung'aa halafu hubanduka. Ikipungua, herufi zinahamia kwenye kiganja. Ndani ya kidau tulitia fundo la uzi wa hariri ili kalamu iguse uzi na isizame. Kalamu ya mwanzi ilichongwa kwa mshazari na kupasuliwa ncha katikati, mpasuko mfupi tu, kwa sababu ukiwa mrefu ncha hutanuka na kumwaga wino wote kwenye herufi ya kwanza.

Alifu yangu ya kwanza haikusimama. Wino ulijikusanya matone matone kama mvua juu ya jani la mgomba. Maalim akaniambia nilinuse kombe. Lilikuwa bado lina shahamu. Jua siku nne halikutosha, lilitaka saba. Akanyunyiza jivu la kuni lililochekechwa, akalisugua kwa kitambaa kikavu, akapangusa. Safari hii wino ulishika.

Kisha akafungua msahafu, akaonyesha neno moja, shahada, akanyamaza. Hakutaja hata herufi.

Saa nzima nilipambana na ile he ya katikati. Kwa jicho, ni duara mbili zilizopandana. Basi nikachora duara la juu, nikachora la chini, nikaziunga na shini iliyotangulia na alifu iliyofuata. Nikafuta kwa kitambaa kibichi, maana wino wa gundi unatoka kwa maji, nikachora tena. Mara ya sita au ya saba ilifanana na ya msahafu. Nilifurahi, nakumbuka moyo ulivyodunda. Maalim akaitazama, akasema umbo ni sahihi. "Sasa liandike neno hilo mara kumi, upesi."

Mkono ukakwama palepale. Nililijua umbo lakini sikuijua njia. Wino uliokauka hauonyeshi kalamu ilianzia wapi, ilipinda wapi, wapi ilinyanyuliwa. Maalim akachukua mwanzi wake, akaliandika neno pembeni: meno ya shini, kisha he yote kwa mwendo mmoja, juu na chini bila kunyanyua, akapandisha alifu, na nukta akazirudia mwishoni. Pumzi moja.

Siku ile ndipo nilipoelewa kile Bi Salme alichokifanya baadaye, kisichosimuliwa sana. Kwenye mfupa alifaulu kuziigiza herufi, lakini hati, yaani mwandiko wenyewe unaokwenda, hakuipata. Akamchukua mmoja wa watumwa waliosoma awe mwalimu wake wa hati. Hapo siri ikatoka, watu wakamsema vibaya. Namfikiria sana mtumwa yule, mwenye elimu ambayo binti wa Seyyid Said alinyimwa, lakini asiyeweza kulikataa agizo lake.

Mkono mwepesi ndio ulioandika barua za mwaka 1859. Baba alikuwa amekufa 1856, mama naye akafa 1859, na kaka yake Barghash akataka kumpindua kaka yao Majid, aliyerithi usultani. Salme alikuwa na miaka kumi na mitano tu, lakini alijua kuandika, basi akafanywa katibu wa njama. Zile barua za kuagiza bunduki, risasi na baruti zilipita mkononi mwake, na aliandika baadaye kwamba dhamiri ilimsumbua. Majid ndiye kaka aliyewahi kumlea katika jumba la Bet il Watoro, akamfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Yaliyofuata mnayajua: mapenzi na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, kutoroka kwa meli ya Kiingereza Agosti 1866, ubatizo na ndoa huko Aden, maisha ya Hamburg, ujane wa 1870. Barghash aliyeandikiwa barua zile, alipokuwa Sultani, alikataa kumpokea dada yake aliporudi Unguja mwaka 1885.

Nilimjibu mjukuu kwamba karatasi sidhani zilikosekana jumbani, ila karatasi lazima umwombe mtu akuletee, na iliyoandikwa huonekana. Kombe hufutwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo angebaki na mfupa wake bila mwalimu, asingegombana na kaka yake Majid?"

Pengine. Lakini mwaka 1886, mjini Berlin, alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na yote niliyomweleza mtoto kuhusu mfupa ule yanatoka humo. Nilimwambia sijui nichague lipi, amani na kaka yake au kitabu hicho. Naye hakunisubiri nichague, alikwenda machinjioni na mamake kutafuta kombe.

Kombe liko juani tangu juzi. Asubuhi nimelinusa, bado.