Jinsi nilivyoacha kubonyeza kitufe cha BOOT

Mimi ni fundi wa vifaa vya kielektroniki mjini Busia, upande wa Uganda, na kinachonilisha kwa sasa ni vidhibiti joto vya mashine za kuangulia mayai. Ndani ya kila kidhibiti mna bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ambayo ni lazima niiflashi (niiandikie kwenye kumbukumbu yake) programu yangu kabla haijaondoka mezani. Bodi mbili tatu kwa mwezi si kitu, lakini mteja wa Mbale alipoagiza 60 kwa mpigo, niligundua kwamba bodi nilizonunua kwa bei ya kuchekesha hazikubali kupokea programu mpaka mtu ashikilie kitufe cha BOOT wakati esptool, programu ya kompyuta inayoiflashi bodi, inatandaza nukta zake kwenye skrini. Mpwa wangu niliyemkabidhi kazi hiyo alimaliza bodi tisa, kisha akaniambia, "Mjomba, kidole kimekufa ganzi."

Niliomba ushauri, na ushauri ukaja kwa wingi. Fundi mmoja mwenye jina kubwa alisema bodi zote ni feki, nizirudishe. Mwingine alinitaka niweke Windows upya, ilhali kompyuta yangu inatumia Ubuntu. Wa tatu alinipeleka kununua kebo mpya, zikanila kama shilingi elfu thelathini au arobaini hivi, na mbili kati yake zilikuwa za kuchajia simu tu, hazina nyaya za data.

Nikaamua kuifanyisha kompyuta kazi yenyewe. Katika VS Code, programu ya kuandikia msimbo, niliandika faili la tasks.json lenye kazi mbili zinazofuatana: ya kwanza inajenga programu na kuunganisha vipande vyake vyote kuwa faili moja kwa amri ya merge_bin, ili liandikwe kuanzia anwani 0x0, mwanzo wa kumbukumbu ya bodi, bila kukumbuka kipi kinakaa 0x1000 na kipi 0x10000, ya pili inaita skripti inayotafuta poti ya kwanza yenye bodi na kuiflashi. Nikibonyeza Ctrl+Shift+B, mambo yanakwenda. Na kweli yalikwenda! Bodi ya kwanza ilikubali bila mtu kugusa BOOT, ya pili vilevile, na nilipofika ya kumi na mbili nilikuwa nimeshamweleza mpwa wangu, kwa kirefu na kwa madaha, kwamba tatizo la watu wengi ni kutojua kupanga muda wa ishara.

Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mjomba, mbona mashine ya mayai inasoma nyuzi 31?"

Mashine hiyo ilikuwa pembeni ikiwa na mayai 88 ya shemeji yangu, na bodi yake ilikuwa imeunganishwa kwenye kompyuta hiyohiyo kwa sababu huwa narekodi joto lake. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ttyUSB0, jina ambalo Ubuntu huipa poti ya kwanza. Kila bodi mpya niliyochomeka ilikuwa ttyUSB1. Kwa hiyo nilikuwa nimeiflashi mashine ya shemeji mara kumi na mbili, kwa programu yangu ya bodi mpya, ambayo joto lake limewekwa sifuri mpaka mteja alipange, huku bodi kumi na mbili tupu zikienda kwenye boksi la zilizokamilika. Bodi ile ya zamani haikuwa na ubishi wowote. Bodi pekee iliyopaswa kunikatalia ndiyo iliyonitii. Niliirudishia nyuzi 37.5 mikono ikitetemeka.

Baada ya hapo sikuamini tena majina ya ttyUSB. Chipu za CH340, zinazounganisha USB na bodi zangu, hazina namba zinazozitofautisha, hivyo nilitumia njia iliyo chini ya /dev/serial/by-path, ambayo hutambua tundu lenyewe la USB na si kifaa kilichochomekwa. Tundu moja la habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) nilipaka rangi ya kucha ya mke wangu, na skripti haitazami kwingine. Kwa kuwa woga ulikuwa bado haujaniisha, niliongeza hatua ya kusoma anwani ya MAC, namba ya kipekee ambayo kila ESP32 hutoka nayo kiwandani, ili ile ya mashine ya mayai ikataliwe papo hapo.

Ubishi wa kitufe ulibaki palepale, na dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini ya EN (inayoiwasha bodi) na GND (ardhi), mguu hasi ukiwa kwenye GND. Ishara za DTR na RTS, ambazo kompyuta huzituma kupitia USB, ndizo zinazopaswa kuiwasha bodi upya huku IO0, pini ya kitufe cha BOOT, ikiwa imevutwa chini, lakini kwenye bodi hizi EN hupanda haraka mno na bodi huamka kabla IO0 haijashuka; kapasita huichelewesha EN. Mpwa wangu alikwisha kupasha moto chuma cha kulehemu kwa ajili ya bodi 60, nikamzuia. Kapasita moja niliichomeka kwenye ubao wa majaribio, ule wa matundu, kisha kila bodi inakaa hapo juu yake, inaflashiwa, inaondoka, inakuja nyingine. Spidi ya biti 921600 kwa sekunde ilileta makosa kwa kebo yangu ndefu, nikashuka hadi 460800, na bodi moja huisha chini ya nusu dakika.

Mzigo wa Mbale uliondoka siku iliyofuata, zile kumi na mbili zikiwa zimerudiwa. Shemeji alikuja kuchukua vifaranga 61 na kuuliza kuhusu mayai 27 yaliyobaki. Nilimwambia umeme ulikatika.