Siku Baba alipolenga Zoroaster

Oktoba 2014 Baba alikuja Arizona kutoka Dodoma kunitembelea. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, nami nikamwekea zawadi: nakala ya ramani ya korongo la Grand Canyon ambayo François Matthes alianza kuipima mwaka 1902, skeli 1:48,000, kontua, yaani mistari ya kimo sawa, kila futi 50. Alipoikunjua mezani hakusema neno. Ukucha wake ulifuata mistari ya kahawia mpaka ilipobanana ikawa uzi mmoja mnene.

"Hapa ni ukuta," akasema. "Bwana huyu hakuruka hata mstari."

Ulikuwa ule mwamba mwekundu, Redwall. Kimo chake ni futi 500 hivi, kwa hiyo kontua kumi hurundikana karibu pamoja.

Asubuhi tukaenda Yavapai Point. Korongo lilipofunguka mbele yetu nilidhani ataomba tupige picha. Akaomba ubao niliokuja nao wa kukatia matunda. Usiku alikuwa amenakili kwenye karatasi angavu nukta mbili tu za ramani ile, Yavapai na Yaki Point. Akaibana kwenye ubao, akauweka juu ya ukuta wa mawe, akauzungusha mpaka nukta ya Yaki ikaelekea Yaki yenyewe. Kisha akachomeka pini kwenye nukta ya Yavapai, akaegemeza rula, akafumba jicho moja, akavuta mstari kuelekea kilele cha Zoroaster, ng'ambo ya mto. Upepo ulikuwa ukipeperusha pembe ya karatasi; nikaishika kwa vidole viwili bila kupumua.

Matthes naye alifanya hivyo, kwa ubao wa miguu mitatu na rula yenye darubini. Mstari kutoka kituo hiki, mwingine kutoka kile, na kilele ambacho hajakikanyaga kinakaa pale inapokutana. Kutoka ukingoni hadi mtoni ni karibu mita 1,400 kwenda chini. Bila njia hiyo sijui angemaliza lini.

Tukapanda basi hadi Yaki. Baba akalenga nyuma Yavapai, akaulaza ubao sawasawa, akavuta mstari wa pili. Tukaiweka karatasi juu ya ramani. Mistari ilikatana kando ya kilele, upana wa punje ya mchele.

Nilimkumbatia. Yeye alikuwa bado anaitazama ile punje.

"Hiyo ni mita mia ardhini, mwanangu. Jua limepanda, mawe yanacheza machoni. Kesho tuje alfajiri."

Tukaja alfajiri.